Mwavuli Uliobaki Masjala

Ninyi vijana mkitaka kuoana mnauliza watu arobaini. Mkitaka kuachana mnauliza simu. Simu inawaambia mtafute wakili, wakili anawatajia ada yake, halafu ndipo mnanikumbuka. Mnakuja hapa kwangu Vwawa, mnasimama pembeni ya kichanja changu cha kahawa, mnaanza na salamu ndefu. Mtu akinisalimia mimi, mume wangu, wajukuu, mpaka ng'ombe ambao sina, najua tayari: ndoa imemshinda.

Basi leo nawaandikia wote kwa pamoja, ili kahawa yangu ipate kukauka kwa amani.

Nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka thelathini na mmoja, mingi ya hiyo Tunduma. Watu waliniita Mama Jalada. Mashauri ya ndoa yaliyopita mezani kwangu sikuyahesabu, lakini nikiulizwa ni namna gani watu wawili wanaweza kuachana bila wakili, bila kuuza shamba na bila kugeuka maadui, nawakumbuka Sekela na Ambakisye. Nao walikaribia kushindwa, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Walikuja asubuhi ya mvua, Songwe ikiwa bado haijawa mkoa. Tunduma mnaijua ikinyesha: tope, malori yamejipanga kuelekea mpakani, na watembea kwa miguu wakitafuta pa kukanyaga kama kuku. Hao wawili waliingia mlangoni chini ya mwavuli mmoja, mkubwa, wa rangi saba, wa kununuliwa Nakonde, upande wa Zambia. Mwanaume akaukung'uta, mwanamke akaufunga kwa kile kikamba chake. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye nini.

Nikajisemea, hawa wamekuja kuapa kiapo cha jina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niwasaidie nini?"

"Tunataka talaka," wakasema kwa pamoja. Kisha wakatazamana, wakacheka.

Sasa eleweni kitu. Ukikaa mapokezi ya mahakama unajifunza kusoma watu kabla hujasoma karatasi. Wanaotaka talaka huja mmoja leo, mwingine kesho. Wakija siku moja, hukaa mabenchi mawili, na yule wa kulia huangalia ukuta wa kulia. Hawa walikaa benchi moja, wakawa wanakula karanga za kuchemsha kutoka kwenye mfuko mmoja, maganda wakiyaweka kwenye kiganja cha mwanaume.

Sekela alikuwa na meza ya vitenge pale sokoni, anavuka mpaka kununua, anarudi kuuza. Ambakisye alikuwa mkulima Isongole, kule Ileje kwao wote wawili. Walioana vijana, wakaishi Tunduma miaka michache, kisha mwanaume akarudi kulima shamba la wazazi, mwanamke akabaki na meza yake. Walikuwa na binti mmoja, Atupele, wa miaka tisa. Hawakuwa na ugomvi wa shamba wala wa meza. Mtoto angesoma Tunduma, likizo aende Isongole. Yote walishayapanga wenyewe, wameyaandika kwenye karatasi ya daftari, mwandiko mzuri wa Sekela.

"Karatasi ya Baraza mnayo?" nikauliza.

Hapo ndipo wengi wenu mnapokwama, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Huwezi kutoka kitandani ukaenda moja kwa moja mahakamani. Lazima kwanza mpite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa wengi wetu ni lile Baraza la Kata, pale ofisini kwa mtendaji. Wao watajaribu kuwapatanisha. Wakishindwa, wanawapa hati inayosema wameshindwa. Hati hiyo ndiyo mlango. Bila hiyo, karani mwenye akili hawafungulii jalada, na asiye na akili atawafungulia halafu hakimu atalitupa.

Sekela alinipa hati yao. Nikaisoma mara mbili. Iliandikwa: "Wadaawa wamesuluhishwa na wamepatana. Walionekana wenye furaha." Chini yake ilikuwa sahihi ya mwenyekiti, Mzee Simwinga.

Huyo mzee lazima nimweleze, maana ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa karani mkuu nilipoajiriwa, enzi za taipureta na karatasi za kaboni, ukikosea herufi moja unarudia nakala nne. Alistaafu, watu wa kata wakamchagua aongoze Baraza. Alinifundisha kwamba karani haulizi kwa nini, anauliza lini na wapi. Alinifundisha kusoma wito kwa sauti kabla ya kuutia kwenye bahasha. Hilo la wito nililijua baada ya kuharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilichanganya bahasha mbili: wito wa talaka ukaenda kwa kijana mmoja wa Mbangala aliyeshtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Akaja hajalala, akapiga magoti mbele ya meza yangu. "Mama, mbuzi nakubali. Lakini huyo mke simjui!" Mzee Simwinga alicheka hadi akavua miwani, kisha akanipa bahasha mia tupu nijifunze kuandika anwani.

Mzee wa namna hiyo ndiye aliyeandika "wamepatana". Nikawauliza ilikuwaje.

"Tulifika Baraza mvua inanyesha," Ambakisye akasema. "Tukaingia na mwavuli wetu. Wajumbe wakatuuliza kama tunapigana, tukasema hapana. Kama kuna mwanamke mwingine, hapana. Kama kuna mwanaume, hapana. Wakasema basi rudini nyumbani, Mungu awabariki, wakatupigia makofi."

"Na ninyi mkafanya nini?"

"Tukasema asanteni."

Nikacheka. Na hapo ndipo nilipokosea. Nilisema, kwa utani tu, kama mtu anavyosema kwa majirani: "Ninyi nendeni mkakasirike kwanza, ndipo mrudi."

Wanangu, mtu aliye mbele ya dirisha la ofisi hasikii utani. Anasikia maelekezo.

Walitoka pale wakavuka barabara moja kwa moja hadi kwa Profesa. Profesa hakuwa profesa. Alikuwa kishoka, mtu wa kuwaandikia watu maombi barazani kwa duka la vifaa vya ofisi, tai shingoni na kandambili miguuni. Mimi nilimjua kwa kazi zake. Nilikuwa nimeona madai yake mengi ya talaka, na katika yote iliandikwa kwamba mume "hunipiga kwa mkanda wa suruali mara kwa mara bila huruma." Neno kwa neno. Ungedhani wanaume wote wa Tunduma wanaazimana mkanda mmoja. Alikuwa na karatasi moja ya mfano, anabadilisha majina tu.

Baada ya saa moja walirudi. Safari hii mfuko wa karanga haukuwepo. Sekela aliweka karatasi mezani kwangu, akairudisha nyuma kidogo kwa kidole, kana kwamba inanuka.

Nikasoma. Ulevi. Matusi. Mkanda wa suruali.

"Amesema bila kosa hakuna talaka," Sekela akasema. "Amesema tusaini tu, ni maneno ya ofisini."

Ambakisye alinyanyua ncha ya koti lake. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. "Mama, mimi mkanda sijawahi kuwa nao. Kanisani nafunga kamba hii hii. Muulize yeye."

"Ni kweli," Sekela akasema. "Nilimnunulia mmoja, akaufanya wa kufungia ndama."

Walitaka kucheka tena, lakini haikutoka. Sekela akaniuliza swali ambalo mpaka leo ndilo kipimo changu.

"Mama, karatasi hii ikishapokelewa inakwenda wapi?"

"Kwenye jalada."

"Na jalada?"

"Linakaa masjala. Miaka na miaka."

"Kwa hiyo Atupele akiwa mkubwa, akitaka, atakuja hapa alisome."

"Anaweza."

"Atasoma kwamba baba yake alikuwa ananipiga."

Ambakisye aliangalia kamba yake. Kisha akasema polepole, "Na atasadiki. Kitu kikishapigwa mhuri, nani asiyesadiki?"

Sekela aliichana ile karatasi vipande vinne na kuvitia kwenye mkoba wake, maana hata takataka hakutaka ibaki kwetu. Nikawaambia ukweli ambao nilipaswa kuwaambia tangu asubuhi badala ya utani: sheria yetu haitoi talaka kwa sababu tu watu wawili wamekubaliana. Mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika na haiungiki tena. Lakini kuvunjika hakuhitaji mkanda wala ulevi. Kunahitaji ukweli, na watu wanaoweza kuusema. Rudini kwa Mzee Simwinga, nikasema, mwombeni awasikilize upya.

Walinishukuru. Kumbe walikuwa wamebaki na lile langu la kwanza, la kukasirika.

Alhamisi ya Baraza nilimwomba hakimu ruhusa, nikapeleka wito fulani ofisi ya kata, nikabaki. Dhamiri ilikuwa inanisumbua. Nikakaa nyuma, karibu na chupa ya chai. Mezani walikuwa Mzee Simwinga na wajumbe watatu, wote Wanamwanga kama yeye. Mimi ni Mnyiha. Sekela na Ambakisye ni Wandali. Sote tunaongea Kiswahili kama kawaida ya Tunduma, kila mmoja na lafudhi ya kwao.

Sekela aliingia peke yake, akaketi upande mmoja. Ambakisye akaingia baadaye, amelowa chepechepe, akaketi upande mwingine. Walijitahidi kutoangaliana.

"Haya," Mzee Simwinga akasema. "Tulidhani mmeshapatana. Kuna nini tena?"

Sekela akasimama. Alikuwa amejiandaa, inaonekana. "Huyu mwanaume," akasema, anamnyooshea kidole, "ni mbaya!"

"Mbaya vipi?"

"Mbaya sana."

"Na yeye," Ambakisye akarukia, "anapika ugali mgumu!"

Mjumbe mmoja, mama mnene mwenye kilemba, akauliza kwa makini, "Mgumu namna gani?"

Ambakisye akafikiri. "Mgumu kidogo."

"Mwongo!" Sekela akapiga kelele, akavua kandambili na kumrushia. Ilikuwa imerushwa na mtu asiyewahi kurusha. Ilimkosa kwa mita nzima, ikatua karibu na chupa ya chai, miguuni pangu. Ambakisye akainuka, akaiokota, akaifuta tope kwa mkono wa shati, akampelekea. "Vaa," akamwambia chini chini. "Sakafu ina baridi."

Baraza lote likaangua kicheko. Mama wa kilemba alipangusa machozi. Mimi pia nilicheka, siwafichi.

Mzee Simwinga hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Ninyi mmekuja kutuchezea. Pale nje kwenye benchi kuna mama ameketi na jicho limevimba, anasubiri zamu yake. Anawasubiri ninyi mmalize maigizo."

Sekela akaona aibu, akainamisha kichwa.

"Ambakisye," mzee akasema, sauti sasa ya upole, "wewe ndiye mwanaume. Niambie bila kuigiza. Kuna tatizo gani?"

Ambakisye akatabasamu kidogo, kama mtu anayetaka kuwapunguzia wengine mzigo. "Hakuna tatizo, mzee."

Sijui kama niliwahi kuona maneno matatu yakimwinua mtu hivyo. Sekela alisimama, na kilichotoka kinywani mwake hakikuwa Kiswahili. Kilikuwa Kindali, haraka, chini, bila kupumua. Hakupiga kelele. Hakunyoosha kidole. Mikono ilikuwa imeshika mkoba tumboni. Mimi niliambulia neno moja moja: mama, Isongole, simu. Wajumbe hawakuambulia kitu. Lakini hakuna aliyecheka, na mama wa kilemba alikuwa ameweka kikombe chini.

Alipomaliza, Mzee Simwinga alivuta kiti chake mbele. "Sijaelewa hata neno moja," akasema. "Lakini hilo ndilo lililowaleta. Mtu anagombana kwa lugha aliyonyonya. Kile Kiswahili chenu cha mwanzo kilikuwa cha kukariri." Akaangalia huku na huku. "Nani atatufasiria?"

"Mimi," Ambakisye akasema.

"Wewe ndiye unayelaumiwa."

"Ndiyo, mzee. Mwingine atapunguza."

Akasimama. Niliwahi kuwaona wakalimani wa kila namna, wa Kibemba, wa Kisafwa, hata mmoja wa Kichina wa kampuni ya barabara. Sijaona aliyefasiri kama huyo. Alisimama wima kama mwanafunzi anayesoma ubaoni, macho kwa mwenyekiti.

"Anasema, mama yake aliugua Isongole mimi nikiwa huko huko. Anasema, alinipigia simu akiwa Nakonde kwenye mzigo, akaniuliza nyumbani hawajambo? Nikamwambia hakuna tatizo. Anasema, mama alikuwa anamwita. Nilikuwa nimekaa karibu na kitanda, nasikia, simu iko mkononi. Anasema, sikumwambia kwa siku kadhaa..."

"Tatu," Sekela akasema kwa Kiswahili.

"Siku tatu," Ambakisye akasema. "Sikumwambia kwa siku tatu. Alipofika, mama alikuwa ameshazikwa. Anasema..." Akaikaza kamba yake kiunoni. "Anasema, tangu siku hiyo, kila nikimwambia hakuna tatizo, moyo wake unaanza kutafuta kanga ya msiba. Anasema hawezi kulala nyumba moja na mtu ambaye habari njema yake inamtisha."

"Amefasiri sawa?" mzee akauliza.

"Sawa," Sekela akasema.

"Na wewe, Ambakisye, unajibu nini?"

"Ni kweli yote. Niliogopa kumwambia. Nilidhani mama atapona, nimwambie akiwa amepona. Halafu nikaogopa zaidi."

Mama wa kilemba ndiye aliyeuliza lile ambalo sote tulilitaka. "Mwanangu Sekela, huwezi kumsamehe?"

"Nilimsamehe zamani, mama. Ndiyo maana mnatuona tunacheka. Kuishi naye ndiko kumenishinda. Nimejaribu miaka minne. Huyu si mtu mbaya. Nikiumwa, nitataka yeye ndiye anipeleke hospitali. Lakini nikiwa mbali akanipigia, sipokei. Naogopa."

Mzee Simwinga alichukua kalamu, akaanza kuandika hati upya. Alipofika mahali pa sababu akasimama. "Niandike haya?"

Sekela akasita. Nilijua anawaza nini. "Atupele atakuja kuyasoma," akasema.

"Andika, mzee," Ambakisye akasema. "Safari hii asifichwe mtu."

Mkiulizwa siri ya kuachana vizuri, mimi siri ninayo hiyo tu. Kabla hujasaini neno lolote, jiulize kama mtoto wako angeweza kulisoma akiwa na miaka ishirini. La uongo lifute, hata kama kishoka amekwambia ni la ofisini. La kweli liache, hata kama linauma. Na mwenye jicho lililovimba, kama yule mama wa benchini, asije kwangu kuuliza habari za amani. Huyo aende dawati la jinsia polisi, leo hii, na jalada lake liandikwe kila kitu.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya karani, na kazi ya karani ni nyepesi watu wakija wamejipanga. Walileta hati ya Baraza, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ile karatasi yao ya daftari, nakala tatu. Leteni nakala tatu. Sijui kwa nini kila mtu huleta moja halafu anashangaa. Wakabishana kidogo nani awe mdai na nani mdaiwa, maana hata watu wakipatana namna gani, fomu ina nafasi mbili hizo tu. Ambakisye akamwambia Sekela, "Andika wewe, mwandiko wangu mama karani hataweza kuusoma." Nikashukuru kimoyomoyo. Ada ilikuwa ndogo, ile ya kufungulia shauri. Enzi zile wakili hakuruhusiwa hata kusimama Mahakama ya Mwanzo. Siku hizi wanaruhusiwa, na wako wazuri, lakini bado hulazimiki kuwa naye kama hakuna mnachogombania. Kanisani ni habari nyingine. Mchungaji ana daftari lake, nendeni mkaongee naye wenyewe, msimtume karani.

Siku ya kusikilizwa, hakimu wetu alikuwa mtu asiyecheka hata harusini. Kulia kwake mshauri wa mahakama, kushoto mshauri mwingine, mimi chini yao na majalada. Alimsikiliza Sekela, akamsikiliza Ambakisye, akasoma hati ya Baraza taratibu, akaisoma tena. Akawauliza kila mmoja peke yake kama kuna aliyemlazimisha. Kisha akachukua karatasi ya daftari.

"Shamba la Isongole, la mdaiwa. Meza ya vitenge na vilivyomo, ya mdai. Mtoto atakaa kwa mama, likizo kwa baba, karo wataisaidiana. Mnakubali?"

"Tunakubali, mheshimiwa."

"Kuna mali nyingine ya ndoa ambayo haijaandikwa humu?"

Nje mvua ilikuwa imeanza tena, inapiga bati kwa nguvu. Macho ya Ambakisye yakaenda kwenye kona ya mlango. Ya Sekela yakafuata. Ule mwavuli wa rangi saba ulikuwa umeegeshwa pale, unadondosha maji.

"Kuna huo, mheshimiwa," Sekela akasema. "Achukue yeye. Isongole mvua haina adabu."

"Hapana," Ambakisye akasema. "Ni wake. Nilimnunulia yeye. Mimi nina kofia."

"Kofia imetoboka, mheshimiwa. Naijua."

"Yeye anavuka mpaka kila siku na vitenge. Vikilowa?"

"Vitenge navifunga nailoni. Wewe utafungwa nailoni?"

Mshauri wa kushoto alifunika mdomo kwa faili. Hakimu aligonga meza kwa kalamu. Katika kazi yangu nilishaona watu wakigombania sufuria hadi likatolewa mahakamani kama kielelezo. Hii ndiyo mara ya kwanza nilipoona mgogoro wa mali ambao kila upande unataka kushindwa.

"Mahakama," hakimu akasema, uso haujabadilika, "imeridhika kwamba ndoa hii imevunjika na haiungiki. Talaka inatolewa. Mgawanyo wa mali na malezi ya mtoto ni kama walivyokubaliana. Kuhusu mwavuli, wadaawa hawajakubaliana. Utatunzwa masjala hadi watakapokubaliana."

Nikaandika. Iko kwenye jalada, neno kwa neno.

Walitoka nje, wakasimama upenuni pa mahakama wakisubiri mvua ikatike, kwa kuwa sasa hakuna mwenye mwavuli. Walikaa pale karibu nusu saa. Sikusikia walichoongea. Kilikuwa Kindali, taratibu. Mvua ilipopungua, Ambakisye alishika njia ya stendi ya magari ya Ileje, Sekela akashika njia ya soko.

Kazi ikabadilika. Taipureta ikaenda stoo, kompyuta ikaja, nikajifunza kubofya nikiwa na miaka hamsini huku vijana wa ofisi wakinicheka. Sasa mashauri yanasajiliwa kwenye mfumo wa mtandao, na wito unaweza kufika kwenye simu ya mtu kabla hajanywa chai. Mzee Simwinga angeupenda mfumo huo, maana hauchanganyi bahasha za wezi wa mbuzi. Alishafariki, Mungu amrehemu. Na mwavuli ulibaki pale nyuma ya kabati la majalada, na kikaratasi chenye namba ya shauri. Nakiri mbele yenu kwamba niliuazima mara tatu. Mvua zilikuwa kubwa.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, alikuja binti mrefu, ameweka begi la chuo mgongoni. Akanisalimia vizuri. Alitaka nakala ya talaka ya wazazi wake, mama yake alikuwa amepoteza ya kwake. Aliponitajia majina, nililiendea jalada bila kutafuta.

Sheria inataka nimpe nakala ya hukumu, basi. Lakini akaniuliza, "Naruhusiwa kusoma na mengine?" Nikamwomba ruhusa hakimu, naye akakubali. Nikamwekea kiti. Akafungua. Nikajifanya napanga mihuri, lakini jicho moja lilikuwa kwake, kana kwamba jalada ni langu. Nilikuwa nawaza ile karatasi ya mkanda wa suruali, iliyochanwa vipande vinne. Nilikuwa nawaza siku tatu.

Alifika kwenye hati ya Mzee Simwinga. Akasoma polepole, kidole chini ya mstari. Akamaliza, akafunga jalada.

"Pole, mwanangu," nikamwambia. "Labda hilo la bibi yako hukulijua."

"Nililijua, mama," akasema. "Baba aliniambia mwenyewe, nikiwa darasa la saba. Siku hizi baba anasema kila kitu. Kuku akiumwa ananipigia simu."

Nikachukua leso yangu nikajipangusa macho, nikisingizia vumbi la majalada, ingawa ofisi ilikuwa imefagiliwa.

Alisaini daftari la kupokelea nakala, akaitia kwenye begi. Kisha akasita pale dirishani.

"Kuna kingine, mama. Nimeambiwa kuna mwavuli."

"Nani kakwambia?"

"Wote wawili. Mama amesema niuchukue nimpelekee baba. Baba amesema niuchukue nimpelekee mama, ila nisimwambie kwamba ametoa yeye." Akacheka, na kicheko nilikitambua. "Sasa mimi niufanyeje?"

Niliutoa nyuma ya kabati, nikaupangusa, nikabandua kile kikaratasi cha namba. Nikafungua jalada, nikaandika chini ya amri ya hakimu, kwa mwandiko wangu bora: umechukuliwa na mtoto wa wadaawa. Nikampelekea hakimu, naye akagonga mhuri.

"Kaa nao wewe," nikamwambia.

Akatoka. Mvua haikuwa inanyesha siku hiyo, jua lilikuwa kali, malori yanang'aa hadi mpakani. Akaufungua hivyo hivyo.